Wanataka Niseme Hakuwa Mama Yangu

Naomba jina langu lisitajwe, maana hapa Kindu tunajuana. Nina miaka ishirini na saba, naishi Alunguli, na ni mwanafunzi katika mafunzo ya walimu wa kike wa madrasa. Mwezi uliopita nilifiwa na mama.

Aliyenizaa simkumbuki. Alikufa njiani wakati wa vita, watu walipokimbilia msituni upande wa Kalima, nami nilikuwa bado sijatambaa. Jirani yetu, nitamwita Mama Zaina, alikuwa na mtoto mchanga wa kiume, Saidi. Akatunyonyesha wote wawili. Mpaka uzeeni alisimulia huku akicheka kwamba Saidi alikuwa na ziwa lake na mimi langu, na aliyegusa la mwenzake alipigwa kofi. Ndiye aliyenilea. Akipika sombe, majani ya muhogo, mchuzi wa kuonja chumvi alinitilia kwenye kiganja chake, si kwenye kijiko, akaupuliza kwanza.

Alipofariki kule Lokandu, nilituma habari kwenye mafunzo kwamba nimefiwa na mama, nikakaa matanga mpaka mwisho. Niliporudi, mwalimu wetu mkuu akanisimamisha darasani. Kanuni zao zinatoa ruhusa ya msiba wa mzazi, mume au mtoto tu.

"Ule mama hakukuzaa," akasema.

"Alininyonyesha, mwalimu. Weye njo ulitufundisha kwamba aliyekunyonyesha ni mama, na mtoto wake ni ndugu yako, hamuoani."

"Shahidi iko wapi?"

"Walioona walikufa vitani."

"Basi umedanganya."

Adhabu za pale nazijua. Nimefagia uwanja, nimechota maji ya udhu, nimesoma sura ndefu nikiwa nimesimama kwa sababu ya kuchelewa, na sikunung'unika. Hii ni nyingine. Jumamosi nisimame mbele ya wenzangu niseme, "Nilidanganya, yule hakuwa mama yangu." Nikikataa, nafukuzwa, na ualimu nilioutamani tangu utotoni unaishia hapo.

Nilimweleza Saidi. Akasema, "Haya, dada. Kama mama si wako, mimi si ndugu yako. Nianze kutafuta mahari?" Tulicheka mpaka tukalia.

Kesho yake nilimuuliza mwalimu mbele ya wote: "Kama hakuwa mama yangu, Saidi akileta mahari, utatufungisha ndoa?"

Wenzangu waliangua kicheko. Mwalimu aligeuka akafuta ubao, ambao haukuwa umeandikwa kitu. Halafu akasema, "Sasa umeongeza utovu wa adabu. Utaomba radhi kwa yote mawili."

Rafiki ninayeketi naye ananibembeleza. "Sema tu, mama, upate cheti. Marehemu hatasikia."

Mimi nitasikia. Saidi naye atasikia, na siku nyingine hatajua kama anaweza kuketi nami chumba kimoja kama ndugu. Kwa swali langu la ndoa naweza kuomba radhi, maana nilicheka na wengine. Kwa mama, hapana.

Kwa hiyo sikuja kuuliza kama niseme. Sitasema. Jumamosi ni keshokutwa, na ninachouliza ni hiki: niondoke kimya kabla ya siku hiyo, au niende, nikae mahali pangu, nimtaje mama yangu kwa jina lake, wanitoe wao wenyewe watu wakiona? Nyinyi mnaosoma hapa, mngekuwa mimi mngefanya lipi?