Mgono Uliozibwa Mdomo

Mwezi uliopita, rafiki yangu, nilialikwa chakula cha mchana kwa shemeji yangu Dar es Salaam, na sahani sikuimaliza. Sebuleni kwake kuna tangi la kioo lenye maji ya bahari, na ndani yake matumbawe, wale viumbe wanaofanana na jiwe lililochanua maua. Tumbawe moja alikuwa amelifunika kwa kikapu cha plastiki. Akanieleza kwa majivuno kwamba kuna samaki msumbufu anayelidonoa. Nikamwambia najua. Akacheka sana. Mtu wa Kindu, mji wa bara, mbali na bahari namna ile, angejuaje?

Nilijua kwa sababu ya jirani yetu, fundi wa reli. Mkewe alikuwa akifanya biashara ya vitenge, anakwenda mpaka pwani na kurudi, na safari moja alishuka kwenye ndege akiwa amekumbatia mfuko wa maji kama mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na tumbawe la zambarau na samaki wa manjano mwenye mstari mweusi machoni. Waliwekwa kwenye tangi la kioo, na mtaa mzima tulijazana dirishani kwao. Umeme ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo maji yalitiwa hewa kwa pampu ya baiskeli, na kazi hiyo tulipewa sisi watoto kwa zamu, ujira wetu karanga. Mpaka leo nikisikia pampu inahema, pua yangu inatafuta karanga za kukaanga.

Kisha mke akasafiri tena kufuata mali, na vita vikafunga njia nyuma yake. Treni ikanyamaza. Jirani hakujua kama mkewe yu hai. Alichobaki nacho ni lile tangi, akajiapiza kwamba mwenyewe akirudi atalikuta tumbawe hai. Shida ilikuwa yule samaki. Ua likifunguka tu, analing'ata. Bibi yangu, aliyenilea, alimshauri bila kupepesa macho kwamba amkaange. Jirani akakataa katakata. Samaki naye alikuwa wa mkewe, na angeulizwa yuko wapi.

Basi siku moja akaja jikoni kwetu, bibi anatwanga sombe, yale majani ya muhogo. Bibi alizaliwa Lokandu, kando ya mto, na kusuka migono, ile mitego ya fito ya kuvulia samaki, alikujua kuliko alivyojua kusali.

"Mama, unisukie mugono kidogo," jirani akasema, "lakini uzibe mudomo."

Bibi akauacha mchi. "Mugono ya kukataza samaki kuingia? Hiyo njo ya kwanza mimi kusikia."

Alimcheka wiki nzima, lakini aliusuka, fito zimeachana kiasi cha kupitisha mwanga na maji tu. Jirani akalifunika tumbawe. Samaki akazunguka, akagonga pua, akazunguka tena. Tumbawe likachanua upya ndani ya mgono, na jioni ile jirani akaja kula kwetu bila kuitwa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu vita vianze.

Ndipo chumvi ikaadimika mjini. Sijui nikuelezeje. Sombe bila chumvi, wali wa Kibombo bila chumvi, mpaka mdomo unauona si wako. Tulichoma majani ya mtoni na kuchuja majivu yake, tukapata kitu kichungu cha kukunja uso. Jirani alikuwa na gunia la chumvi ya pwani la kubadilishia maji ya tangi. Akaligawa, kiganja kwa kiganja, mpaka likakung'utwa. Siku hizo binti wa mtaani kwetu alijifungua, akawa hawezi kumeza chakula kisicho na ladha, na maziwa yakaanza kumkauka. Bibi akaenda kusimama mbele ya tangi na sufuria mkononi. Jirani aliitazama sufuria, kisha tumbawe.

"Chota, mama," akasema. "Akirudi, nitamuelezea mimi mwenyewe."

Bibi aliyachuja yale maji kwa kitambaa, akayachemsha, akampikia mzazi. Baada yake wakaja wengine. Nasi tulikula, sombe yenye harufu ya samaki, na tulilamba vidole. Kila sufuria iliyochotwa ilifidiwa kwa maji ya mvua, na chumvi ya tangi ikazidi kupungua. Samaki alikufa kwanza, ubavu wake umeegemea mgono. Tumbawe likafumba maua yake, likawa jeupe. Jirani alipouondoa mgono, tumbawe halikuwa na alama ya jino hata moja.

Mtoto yule alichukuliwa na surua kabla hajajua kutembea. Mke hakurudi, wala habari zake hazikuja. Jirani alizeeka akikaa barazani, ameelekea stesheni, akafa na maelezo yake. Ilituuma.

Wiki hii nimefika Kindu. Chumvi inauzwa kila kibanda. Bibi yuko makaburini, na migono imepisha nyavu za nailoni. Nyumba ya jirani wanakaa watu wengine, na tumbawe wameliweka chini, lizuie mlango usijifunge kwa upepo. Nikawaomba nilishike. Watoto wa nyumba wakanikodolea macho nilivyoliinua na kuligusa kwa ulimi. Nililamba upande mmoja, nikaligeuza, nikalamba wa pili. Vumbi tupu.