Tangi la Pili

Siku ya kawaida katika kiwanda chetu cha hamira ilianza kwa ugomvi. Mume wangu Idi alitaka molasi ipashwe moto taratibu. Mwenzake Gaspard alikuwa na haraka, kwa sababu waokaji wa Nyabugogo walikuwa wamekwishajipanga mlangoni na ndoo zao. "Mngeoana tu nyinyi wawili," niliwaambia huku nikifunga hamira, "mimi nirudi zangu kwetu nikapumzike." Walicheka, kisha wakaendelea kugombana.

Idi alikuwa Mwislamu, babu yake mfanyabiashara aliyetoka pwani. Gaspard alikuwa Mkatoliki aliyejifunza kazi ya hamira Bujumbura. Walinunua matangi mawili ya chuma, marefu kuliko mtu, wakayasimika katika ukumbi mmoja karibu na stendi ya mabasi. Hamira ikichachuka hutoa hewa mbaya, nzito, inayotulia chini. Kwa hiyo feni lilizunguka muda wote, na hakuna aliyeingia tangini kuosha kabla ya kuteremsha taa ya mafuta kwa kamba. Taa ikizimika, unasubiri.

Mauaji ya kimbari yalipoanza, Gaspard, mkewe Consolata na binti yao mdogo Aline walikuwa wanawindwa kwa kuwa ni Watutsi. Walikimbilia kiwandani. Idi aliwapandisha kwenye dari ya mbao tulikoweka magunia, chini kabisa ya paa, akawafunika. Niliogopa. Hata hivyo nilisema wabaki, na sikubadili neno.

Wanamgambo waliweka bariyeri ya kukagua watu barabarani. Walitaka mkate kila siku, na mkate ulitaka hamira yetu. Mkubwa wao alituambia kazi iendelee. Ikisimama, angeingia mwenyewe kujua sababu. Basi tukachachusha katika tangi la kwanza, la pili likabaki tupu. Halafu umeme ukakatika, na mazutu, yaani dizeli ya jenereta, ikaisha. Feni likasimama. Hewa ile ilianza kujaa chini, na iliyofurika kutoka tangi la kwanza ikamwagikia ndani ya lile tupu lililo kando yake. Juu walikolala wenzetu palibaki salama, mradi tufungue milango mara kwa mara. Idi alipima kwa taa bila kuchoka. Aliniambia hawa watu watatoka hapa wazima, akisema kama mtu anayepanga kazi ya kesho.

Kisha mtu fulani alisema amesikia kikohozi cha mtoto.

Waliingia mchana.

"Iko nani humu?" mkubwa aliuliza.

"Hapana mtu, chef. Iko hamira tu," Idi alijibu.

Mkubwa hakutazama juu. Aligonga tangi la pili kwa rungu, likalia tupu.

"Na humu mumeficha nani?"

Idi aliteremsha taa kwa kamba. Ikazimika. Akaiwasha, akaiteremsha tena, ikazimika.

"Umeona, chef. Humu mtu hawezi kuishi."

"Basi shuka wewe, tuone. Ukikataa tunabomoa nyumba yote."

"Atakufa!" nilisema.

Idi alinitazama. Akavuta pumzi ndefu, akashuka kwa ngazi.

Alijua kubana pumzi, mradi asifungue kinywa. Tulimsikia akigonga pande zote za tangi, haraka haraka. Alikuwa ameanza kupanda.

"Ongea! Iko mtu?" mkubwa alipiga kelele, mguu wake juu ya ngazi.

"Hapana mtu."

"Rudia. Sikusikia."

"Hapana mtu."

Ngazi ilitikisika, kisha ikatulia.

Mmoja wao alichungulia, akarudi nyuma akishika kifua. "Hapa iko kufa tu. Tugende, sha." Wakatoka.

Nilifungua milango yote. Gaspard aliruka kutoka juu akakimbilia tangi, nikamkamata shati kwa mikono miwili. Alikuwa na nguvu kuliko mimi, lakini sikumwachia. "Taa kwanza," nilimwambia. Niliiteremsha mwenyewe. Ikazimika. Nikasubiri, nikaiteremsha tena. Ilipowaka hadi chini, Gaspard alishuka, akampandisha Idi begani.

Idi alikuwa amekwishafariki.

Niliendelea kuwaficha hadi mauaji yalipokoma. Hao watatu walitoka pale wazima, kama alivyosema.

Watu walinishauri niuze yale matangi kama chuma chakavu. Nilikataa. Niliyaosha kwa mikono yangu, nikamwambia Gaspard atafute molasi, na waokaji wakarudi na ndoo. Leo kiwanda kiko eneo la viwanda la Masoro, kina wafanyakazi wa kutosha na mashine zinazojizima zenyewe. Aline ndiye msimamizi wa uzalishaji, tena mkali. Ameniomba historia ya kampuni kwa ajili ya wageni, mistari michache ya kuweka ukutani. Nimemwandikia hii. Atajua mwenyewe atakata wapi.

Siku moja Gaspard, sasa mzee wa fimbo, alikuja kunisalimia. Chai ilipoa mbele yake.

"Shemeji," alisema, "niliona yote kutoka juu. Ningeweza kusema niko hapa."

"Wangewaua nyote. Halafu Idi pia, na mimi."

"Ndiyo. Lakini hukuwahi kuniambia kama nilifanya vizuri."

"Ulifanya vizuri," nilimwambia. Ni kweli, na ningesema hivyo mbele ya mtu yeyote. Alilia, nami nikamshika mkono mpaka akamaliza, kisha nikamsindikiza hadi barabarani.

Ambalo sikumwambia ni hili. Nampenda Aline kama niliyemzaa, na sitaki hata kuwaza dunia isiyo na yeye. Lakini ziko asubuhi naamka upande wangu wa kitanda, na kabla akili haijakaa sawa, namsubiri Gaspard pale juu apige kelele kabla Idi hajafungua kinywa.