Mpagazi wa Chuma wa Mtendeni

Mwenzangu, nina hasira, na leo usiniambie nipunguze sauti. Nimeshaambiwa hivyo mwezi uliopita, Jumamosi mchana, hapahapa Tabora, kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki na kitambaa cheupe ukutani, na nikatii kama mjinga. Sasa niache niseme.

Ilianza na ujumbe kwenye simu. Mpwa wangu na wenzake, vijana wanaopenda filamu za anga, walikuwa wanaonyesha ile filamu ya zamani ya chombo kinachokwenda kwenye sayari nyekundu. Nilipoona picha ya yule roboti, mgongo umepinda kwa mzigo, nilipiga kelele jikoni. Bibi yangu, ambaye siku hizi macho yake yameingia ukungu lakini masikio bado makali, akauliza kuna nini. Nikamwambia mpagazi wake amerudi. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniagiza nimtafute mkalimani, maana bila yeye haendi. Nikamwahidi kwamba atakuwepo.

Kama ulikulia kwingine, labda hujui mkalimani ni nani. Mtendeni, mtaani kwetu, tulikuwa na banda la video: kuta za mabati, mabenchi ya mbao yanayochana nguo, televisheni moja juu ya meza. Mkalimani alikuwa jirani yetu, fundi baiskeli, mtu wa mikono ya grisi na sauti ya kuamsha mtaa. Alisimama kando ya televisheni, pampu ya baiskeli mkononi, akitunyooshea huyu na yule na kutueleza kila kinachosemwa. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokota njiani. Pale asipoelewa alijaza mwenyewe, na alijaza vizuri kuliko waliotunga.

Enzi hizo za utoto, Jumamosi hukanyagi bandani mpaka kazi ziishe. Nilichota maji bombani safari nne, nikafagia uwanja, nikakaa na bibi kuchambua karanga huku mafuta ya maandazi yake ya kuuza yakipoa kwenye karai. Bibi alizichemsha kwa chumvi nyingi, akazifunga kwenye kitambaa zikiwa bado za moto, na baada ya swala ya adhuhuri tukaondoka. Benchi la mbele lilikuwa lake. Aliyekaa pale aliinuka bila kuambiwa, wakubwa kwa wadogo, na bandani palinuka karanga, jasho na bati lililopigwa na jua.

Filamu yenyewe ilikuwa hivi. Kapteni na watu wake watano wanapeleka dawa kwa wenzao waliokwama kwenye sayari nyekundu, na roboti ndiye anayebeba makasha. Mkalimani wetu hakutaka kabisa habari za roboti. Siku ya kwanza alimnyooshea pampu akatangaza kwamba huyu ni mpagazi, tena Mnyamwezi wa kwetu, tazameni anavyoweka mzigo begani. Weee, banda lilitaka kuanguka! Kuanzia hapo kapteni akawa kirangozi, yaani yule mtu wa zamani aliyetangulia mbele ya msafara, na ile sayari ikawa kambi ya mbali kuliko Ujiji. Watu walipiga makofi na kumpigia kirangozi kelele apumzishe msafara, mpagazi amechoka, huoni magoti yake? Bibi alimtukana kirangozi kwa Kinyamwezi, matusi ambayo siwezi kukuandikia. Mwalimu wetu, aliyekaa nyuma na Kiingereza chake safi, alithubutu siku moja kusema kwamba yule kiumbe hasemi hayo anayosemeshwa. Bibi alimjibu bila kugeuka kwamba darasa lake liko shuleni, hapa anafundisha mwingine.

Naye alikuwa na sababu yake. Babu yake bibi aliondoka akiwa mpagazi kwenye msafara wa pembe za ndovu kwenda pwani na hakurudi, wala hakuna aliyeleta habari zake. Mkalimani alilijua hilo, mtaa mzima ulilijua. Kwa hiyo ikifika mwisho, roboti amezama mchangani mpaka kiunoni, wenzake wako mlangoni pa chombo wanamtazama, mkalimani alishusha pampu, akashusha na sauti, akasema:

"Nendeni. Mkifika Unyanyembe, waambieni nyumbani mzigo haukuanguka."

Unyanyembe ni hapahapa kwetu, Tabora ya zamani, na bibi alilia kila mara. Tuliiona filamu ile sijui mara ngapi, na kila mara alijifuta na kanga, akapuliza pua, akagawa karanga zilizobaki. Ile ndiyo salamu aliyoingojea, na aliipata bandani kwetu, Mtendeni, kutoka kwa fundi baiskeli.

Banda lenyewe sasa ni duka la vioo vya simu. Mkalimani nilimkuta kwake, amezeeka, bado anaziba pancha. Nilimwamkia, nikamweleza, akauliza kama kweli vijana watamsikiliza. Nikasema nimeshaongea na mpwa wangu. Niliongea naye kweli, akanijibu "sawa shangazi" bila kuinua macho kwenye simu. Siku ile mzee alikuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia nyeupe, na pampu ameishika mkononi. Bibi alileta karanga.

Basi taa zikazimwa. Mpwa wangu akatuhutubia kuhusu ukubwa wa filamu hii duniani, akaomba ukimya, eti kuiheshimu. Chombo kiliponyanyuka mkalimani akasimama, akaenda kando ya kitambaa, akainua pampu na kutangaza kwamba msafara unatoka. Wachache wakacheka. Mmoja akasema mzee anatuziba. Mpwa wangu akaniinamia sikioni.

"Shangazi, mwambie mzee akae. Maandishi yapo chini, kila mtu anasoma."

Kila mtu! Bibi yangu hajawahi kuingia darasani siku moja, na kwa macho yale hata ukuta wenyewe hauoni. Nilipaswa kusema hivyo, kwa sauti ya bandani. Badala yake niliinuka, nikamshika mzee mkono wa kanzu, nikamrudisha kwenye kiti. Hakubisha. Aliiweka pampu juu ya magoti na kuitazama.

Bibi akaanza kuniuliza kila baada ya muda wanasema nini. Nikamjibu mara mbili kwa kunong'ona, watu wakageuka, mmoja akatufanyia "shhh" kama anafukuza kuku. Bibi alikuwa anamenya karanga, nikaona aibu hata kwa ile sauti ya maganda. Nilikuwa na kiatu kizuri na mkoba wa ofisini, na niliona aibu, laana gani hii!

Mwisho ukafika. Bibi aliutambua kwa muziki, akanishika mkono kwa nguvu.

"Amesema nini?"

Chini kwenye kitambaa paliandikwa kwa Kiingereza: nguvu imebaki asilimia mbili, fungeni mlango. Basi, ni hayo tu. Bibi akauliza tena, polepole zaidi. Mzee alikuwa ananitazama mimi, anangoja nimpe ruhusa.

"Baadaye, bibi," nikasema.

Taa zikawashwa, vijana wakapiga makofi. Mkalimani alituaga vizuri tu, akaondoka zake anasukuma baiskeli. Nimewakasirikia wale vijana mwezi mzima, mpwa wangu nimemsema mpaka ameacha kupokea simu zangu, na ninajua ninamwonea. Yeye hakujua. Mimi nilijua kila kitu, na Kiingereza nilichonacho nilisomeshwa kwa maandazi ya mwanamke aliyekuwa ananiuliza.

Tulipofika nyumbani nilipiga magoti nimvue viatu, nikamwambia kwamba mpagazi amesema mzigo haukuanguka. Bibi alinipa kile kitambaa cha karanga, bado kimejaa, hakuna aliyegawiwa.

"Acha, mjukuu wangu," alisema. "Nilikuwepo. Hakuna aliyesema kitu."