Karatasi Isiyojua Mbele ni Wapi

Kengele ya kipindi cha pili inalia, na mama mmoja mwembamba amekaa kwenye benchi la korido, nje ya darasa alilokatazwa kuingia. Mlango umerudishiwa. Mikononi ana risiti ya duka aliyoikunja mpaka imekuwa kama punje ya mahindi. Anaikunjua, anaanza upya.

"Wamenyamaza," ananong'ona. "Watoto wakinyamaza, ama wameelewa, ama wamekata tamaa. Sasa hii ni ipi?"

Mtaani wanamwita Fundi Karatasi, ingawa hajawahi kuuza hata bahasha. Anatengeneza programu ya kompyuta inayofundisha origami, yaani sanaa ya kukunja karatasi bila mkasi wala gundi mpaka itoke ndege, mashua au ua. Kwenye kioo hutokea karatasi ya mraba, nyekundu upande mmoja na nyeupe upande wa pili. Mtoto huigusa kona kwa kidole, akaiburuta, nayo ikakunjika machoni pake. Akikosea anaikunjua, na karatasi haibaki na kovu.

Leo mwalimu wa hisabati ataamua kama programu hiyo itatumika kufundishia pembe na maumbo, au itafutwa kwenye vishikwambi vya shule. Ikifutwa, Jumatatu Fundi Karatasi atarudi kwenye kazi aliyoiacha mwaka jana, ya kutunza kompyuta za kampuni ya bima. Hayo ndiyo makubaliano yake na mumewe, fundi wa majokofu, ambaye muda wote huu ameibeba nyumba peke yake.

"Hajawahi kunisimanga," anasema. "Bora angenisimanga, ningejua pa kumjibu. Yeye huniuliza tu, 'Mama watoto, hiyo karatasi yako imekunjika?' Basi moyo unaniruka."

Mwanzoni haikukunjika. Karatasi ya kwenye kompyuta haina unene, kwa hiyo ilijipenya yenyewe kama moshi. Bawa la ndege likachomoza tumboni. Ilimbidi aifundishe kila tabaka lijue limelala juu ya lipi. Mezani alikunja karatasi halisi, akitazama kipi kinamzuia kipi, mpaka madaftari ya wanawe yakaanza kupungua kurasa.

Alipolimaliza hilo alidhani amevuka. Mwezi uliopita akaileta programu hapa shuleni, na hatua yake ya kwanza ilisema: *Kunja kona mbele.*

Nusu ya darasa waliivuta kona kuelekea kifuani kwao. Nusu wakaisukuma upande wa pili, kama mtu anayesonga mbele. Programu ilijua jibu moja tu, ikawaambia wengine wamekosea.

"Nimekunja mbele, inasema si mbele!" mtoto mmoja alilalamika huku machozi yakimlengalenga.

Fundi Karatasi alikimbia kutoka dawati hadi dawati, akishika vidole vya watu. Mwishoni mwalimu alimvuta pembeni.

"Mama, programu yako nzuri. Lakini inataka kuja na wewe, na wewe mimi sina pa kukuweka."

Akampa nafasi moja zaidi, kwa sharti kwamba abaki nje.

Alirudi nyumbani akaikagua programu mstari kwa mstari. Haikuwa na kosa. Hapo ndipo hofu ilipomshika sawasawa, maana kosa lisiloonekana hujui utalishika wapi.

Siku moja mumewe na shemeji yake walikuwa wakiingiza kabati, naye akawashikia mlango.

"Sukuma mbele!" mume alifoka.

"Mbele ipi, kaka? Yako au yangu?"

"Mbele si mbele tu!"

"Basi hiyo mbele yako iko mgongoni kwangu!"

Kabati lilikwama, wao wakatukanana kindugu, kisha pasipo kukubaliana wakaanza kuitana "lete!" na "peleka!" Likapita.

"Nilisahau mlango, ukambana shemeji vidole," anasema Fundi Karatasi, na kwa mara ya kwanza leo anatabasamu. "Alinisema sana. Mimi nilikuwa nimeshakimbilia mezani."

Akafuta *mbele*, akafuta na *nyuma*. Sasa hatua zinasema *Lete kona* na *Peleka kona*. Kila mtoto anajua kipi kinakuja kwake na kipi kinaondoka kwake.

Ndani kiti kinaburutwa. Mtu anacheka, mwingine anaambiwa anyamaze. Risiti imechanika, anaitia mfukoni. Kengele inapolia tena, hanyanyuki. Mwalimu anatoka, suruali imejaa vumbi la chaki.

"Ndege wametoka?" Fundi Karatasi anamuuliza.

"Wametoka. Mmoja shingo imempinda, lakini mwenyewe kasema ndivyo anavyompenda." Mwalimu anafuta mikono. "Tunaichukua, mama. Ila wameshaanza kunisumbua. Wanauliza kesho kuna nini."

"Kesho?"

"Si nasikia unayo masomo?"

Fundi Karatasi ana somo la ndege tu.

"Waambie sanduku," anasema. "Lenye mfuniko."

Mwalimu anarudi darasani kuwapa habari, na kelele za furaha zinapasuka. Fundi Karatasi ameshatupia mkoba begani, anateremka ngazi mbilimbili.

"Sanduku lenyewe," anasema bila kugeuka, "sijalianza hata mkunjo mmoja."