Breki Yangu Ilikuwa Inakufa Kila Usiku

Huwa naminya breki kabla sijapanda baiskeli. Naminya, nafunga skafu, naondoka.

Asubuhi hiyo niliminya, mkono wa breki ukazama mpaka ukagusa usukani. Laini, kama unaminya sponji.

Nikajaribu wa pili. Nao hivyo hivyo.

Na jana yake jioni zilikuwa zinashika mpaka tairi linalia!

Mimi ni mtaalamu wa mifugo. Nimemaliza chuo, sasa nazunguka kutibu ng'ombe wa maziwa huku nje ya mji wa Njombe. Kutoka nyumbani ni mteremko mtupu, na chini kuna daraja la miti. Ukikosa breki pale, jina lako linasomwa kanisani.

Breki zenyewe si za waya. Zinasukumwa na mafuta yaliyo ndani ya bomba. Presha ikipotea, umekwisha.

Nikapapasa bomba lote. Kavu. Kwenye diski, hakuna tone. Pedi bado nene. Nikaminya haraka haraka, nikaminya tena na tena, mara mkono ukakaza.

Nikaenda kazini roho juu.

Kesho yake zimekufa tena. Keshokutwa, tena.

Usingizi ukaniruka. Nani ananichezea? Pale nyumbani tunaishi wawili tu, mimi na Baba. Na Baba kunisemesha kwake ni shida. "Umeamka?" "Umekula?" Basi. Tangu nirudi kutoka chuo nilihisi anaona aibu, binti yake kushinda kwenye mazizi ya watu.

Nikaipakia baiskeli kwenye gari la viazi, imesimama wima, nikaenda nayo hadi Makambako, kwa fundi anaitwa Rabson.

"Kamwene, daktari wa ng'ombe! Leo umeleta mgonjwa wa chuma?"

Nikacheka kwa aibu. Akaminya breki. Ngumu kabisa, maana asubuhi nilikuwa nimeziminya mpaka zikakaza.

"Hizi nzima, dada. Unanitania?"

"Basi nikazie mnyororo tu."

Akafanya kama mafundi wote wafanyavyo: akaipindua, tandiko chini, magurudumu juu. Akakaza mnyororo, akazungusha gurudumu, akaminya breki kulisimamisha. Akairudisha chini.

Nikaminya. Mkono ukazama.

Rabson akainua mikono juu.

"Haki ya Mungu, sijafungua kitu!"

Hapo ndipo nikaelewa. Kwenye kile kikombe kidogo cha mafuta pale usukanini kulikuwa na hewa. Ukiipindua baiskeli halafu ukaminya, hewa inaingia kwenye bomba. Na hewa haisukumi, inajikunja tu.

Rabson akaleta mafuta ya breki za gari. Nikasoma kifuniko cha breki yangu, kimeandikwa aina nyingine. Nikakataa, yangekula mipira ya ndani.

"Nitakuagizia yake," akasema. "Mpaka yafike, usiipindue."

Lakini mimi sijawahi kuipindua.

Kesho yake kulipopambazuka nikachungulia dirishani. Ukungu, baridi ya kukata masikio. Baba yuko uani, koti kalifunga mpaka shingoni, baiskeli yangu miguu juu. Anakwangua tope kwenye spoku kwa kijiti. Anatia mnyororo oili. Anazungusha gurudumu, anaminya breki, anazungusha tena, anatabasamu peke yake.

Nikarudi kitandani, nikalia.

Ningemwambiaje? Nikakausha tu, sikumwambia. Kila asubuhi nikawa naikokota baiskeli mpaka nyuma ya mikaratusi, naminya mpaka zikaze, ndipo napanda.

Jumamosi naosha vyombo, nasikia sauti.

"Oktavia, naazima chuma chako! Nafika mashineni mara moja!"

Kugeuka, Baba yuko juu ya tandiko, mteremko mbele yake.

Mimi, ambaye hata kwaya naimba kwa kunong'ona, nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika.

"Baba, shuka! Breki zimekufa!"

"Zimekufaje, na nimeisafisha mwenyewe?"

"Ndiyo zinakufa hivyo! Ukiipindua zinakufa! Kila siku!"

Akaminya. Mkono ukagusa usukani. Akashuka taratibu, akakaa kizingitini.

"Ulijua?"

"Nilijua, Baba."

"Ukawa unaondoka nayo hivyo hivyo?"

"Sikutaka uache."

Ninyi mnaosoma, anayekupenda akikosea, mwambie siku hiyo hiyo. Nilidhani kunyamaza ndiyo heshima. Kidogo nimzike baba yangu kwa heshima hiyo.

Baba aliutazama mteremko. Nikadhani ataniuliza kama nimekula.

"Kila ukishuka pale naogopa, mwanangu," akasema. "Na kila wakiuliza yule daktari wa ng'ombe ni wa nani, huwa nawahi kujibu kabla ya watu wote. Nasema ni wangu."