Ubao Wangu Uliokuwa Mnyuzi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyenibakisha hadi leo nikiwa na meno machache na kumbukumbu nyingi. Rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Juzi, msomaji wangu, niliitwa kuomba dua kwenye shule ya mjukuu wangu hapa Chanika, Handeni. Shule imekua. Sasa ina matawi Korogwe na vijijini, na watoto wote wanavaa sweta za rangi moja. Baada ya dua mwalimu mkuu akaniuliza, "Bibi, tufanyeje hawa watoto wajione kitu kimoja? Wakikutana kwenye mpira ni matusi tu." Nilicheka kidogo, na njia nzima ya kurudi nyumbani nikakumbuka chuo chetu.

Enzi za Mwingereza na sisi tulisoma chuo cha Kurani chenye matawi. Kilianzia Chanika, barazani kwa mwalimu wetu, kikazaa cha Kwamsisi, halafu cha Mnyuzi, kando ya reli, kwa watoto wa manamba waliokata mkonge. Tuliandika kwenye ubao wa mti kwa wino wa masizi. Ukishahifadhi, unauosha. Mpaka leo nikisikia harufu ya masizi yaliyolowa, naiona ile baraza, na bibi yangu akitwanga upande wa pili wa ua huku akitusahihisha kwa sauti kila tulipokosea.

Kila Maulidi vyuo vyote vilikutana Chanika. Watoto wa Mnyuzi walifika wamechakaa kwa safari, na sisi tukawapokea kwa midomo yetu mibaya.

"Watoto wa mkonge, mnakula panya!"

"Nyie wa Handeni mnanawa uso kwa mate! Sisi tuna mto!"

Mwalimu alisikia. Hakuchapa mtu. Alitandika mkeka, akatuamuru tuweke mbao zetu zote pale, kisha akatubadilishia, kila mmoja na mtoto wa chuo kingine. "Aliye na ubao wako ni ndugu yako," alisema. "Umwombee kila ukiuosha. Harusi yake ni yako, msiba wake ni wako. Maulidi yakija tena mtarudishiana."

Mimi nilibadilishana na msichana mmoja mwembamba wa Mnyuzi. Ubao wake ulikuwa umetafunwa pembe moja. Nikamwuliza, "Kwenu njaa imewafikisha kula mbao?" Akaunusa wangu, akasema, "Na huu wako mmeukaanga?" Tukacheka, tukala pilau sinia moja, mikono yetu ikigombania nyama. Sikumwona tena.

Mwaka uliofuata mvua ilitukataa. Bibi alichemsha mizizi ya porini, akamwaga maji, akachemsha tena ili sumu itoke, akaonja yeye kwanza. Sisi tulikuwa tunamtazama usoni kabla ya kunyoosha mkono. Watoto wadogo walikufa, na wale tuliobaki chuoni hatukuwa na nguvu ya kupaza sauti. Ndipo mchuuzi mmoja akaleta habari kutoka Mnyuzi. Ndui imeingia kambini, na yule mwenye ubao wangu amefariki. Baba yake amemzika karibu peke yake. Watu waliogopa ugonjwa, na wale walikuwa wageni, hawakuwa na ukoo pale.

Mwalimu akasema tunakwenda kumsomea hitima. Jirani yetu akaja juu.

"Mwalimu, hawa watoto wamebaki mifupa. Unawapeleka wakafie njiani kwa ajili ya mtoto wa manamba?"

Bibi ndiye aliyejibu, na uso wake wenye makovu ya ndui ya zamani. "Ubao wa marehemu uko nyumbani kwangu. Ndui mimi imeshanila ikanitema, na mjukuu wangu amechanjwa. Tunakwenda. Wewe kaa na mifupa yako."

Tulikwenda wachache. Kutoka Kwamsisi hakuja mtu, maana nao walikuwa wanazika wao.

Kambini tulimkuta mama wa marehemu peke yake mkekani, majirani wakipita mbali. Mumewe alikuwa ameshaitwa kazini. Alitutazama kama watu waliopotea njia.

"Mnamtafuta nani?"

"Sisi ndugu zake mtoto," bibi akasema. "Tumechelewa, mama. Tusamehe, njia ni ndefu."

"Mimi sina ndugu nchi hii."

Bibi akanisukuma mbele. Nikamnyooshea ubao. Aliupokea, na kidole gumba kikaenda chenyewe kwenye ile pembe iliyotafunwa. "Nilimchapa kwa sababu ya hii," alisema. Kisha akasogea, akatuachia nafasi mkekani.

Baadaye aliingia ndani, akatoka na ubao wangu. Haukuwa umeoshwa. Ulikuwa na sura ya Wadhuha kwa mwandiko wa mwenzangu, imefika nusu. Mwalimu akaniambia, "Soma alipoishia." Nilisoma, mwalimu na bibi wakanipokea. Nilipoinua macho niliona jirani mmoja amesimama karibu na mlango, nyuma yake mwingine. Walikaa chini.

Chuo kile kilikufa pamoja na mwalimu wetu. Yule mama alirudi kwao bara mkataba wa mumewe ulipokwisha, nami sikupata habari zake tena. Nilipokwenda Mnyuzi ukubwani, mkonge ulikuwa umemezwa na vichaka, na hapakuwa na mtu wa kunionyesha kaburi. Ubao wangu niliorudi nao uliliwa na mchwa, na wake alibaki nao mama yake. Iliyobaki ni dua, nayo namwombea hadi leo, ingawa sina cha kuosha.

Nitamrudia mwalimu mkuu na jibu. Nitamwambia sweta pekee haitoshi. Kila mtoto apewe cha mwenzake akitunze, na siku ya msiba wapelekwe, hata kama ni mbali, hata kama mwaka ni mbaya.

Nawe uliyenisoma, Mungu akuruzuku afya na subira. Na siku yako ya huzuni, akuletee mtu mwenye vumbi la safari miguuni, aketi nawe mkekani na kusema, "Sisi ndugu zako." Amina.