Mtama wa Hayat

Mdogo wangu Atumani anashona viti vya magari hapa Buyenzi, na ukitaka ugomvi naye, mletee kiti kilichoshonwa na fundi mwingine. Mbishi huyo! Tumetoka tumbo moja, namjua. Lakini tangu bintiye Hayat afariki kwa malaria, ubishi wake wote ulihamia kwenye mtama wa Ijumaa.

Kwetu mtu akifiwa huwamwagia ndege nafaka kila Ijumaa, thawabu imfikie marehemu. Unamwaga mlangoni, njiwa wanakula, basi. Atumani naye alimwaga mlangoni, mpaka siku Hyacinthe alipomletea kiti cha gari lake. Huyu ni mama aliyeanzisha kikundi cha kupanda miti ya asili upande wa Kajaga, kando ya ziwa. Akamweleza kwamba miti ya zamani imeishia kuwa makaa, na umusambi, korongo yule mwenye taji la manyoya ya dhahabu, hana tena pa kulala. Wachache waliobaki, watu wanawanasa na kuwauza wakapambe nyua za matajiri. Jumamosi hiyohiyo mdogo wangu akaenda kupanda. Bila hata mshahara!

"Atumani, we una wazimu?" nikamuuliza. "Viti vya watu atashona nani?"

Akacheka. Hakuwa amecheka tangu msiba, kwa hiyo nikafunga mdomo wangu.

Miche ikashika. Baadaye akaongeza na Ijumaa, akitoka msikitini anakwenda kumwagilia. Mwaka uliofuata misambi wawili, dume na jike, wakaja kukaa kwenye mafunjo ya jirani na wakaangua kifaranga. Hapo Atumani akahamishia mtama wake huko. Alipiga mluzi, akamwaga, akasogea nyuma. Kadiri siku zilivyokwenda hakuwa na haja ya kusogea. Walikula miguuni pake, na kile kifaranga kilidonoa kamba za viatu vyake. Nyumbani alinisimulia hayo mpaka chai inapoa.

Hyacinthe alipoyaona, alikuja juu. "Papa Hayat, apana! Ukiwazoesha hivi, hawataogopa mutu yeyote!"

"Hii ni sadaka ya mutoto wangu," Atumani akamjibu. "Siombi ruhusa kwa mutu."

Nani angembishia hapo? Jina la Hayat likitajwa, sote tunanyamaza. Hyacinthe naye akarudi kwenye miche yake.

Kisha Alhamisi moja Hyacinthe akapiga simu. Wavuvi walikuwa wamewaona watu wawili wenye pikipiki. Hawakuwa na mtego wala wavu. Walipiga mluzi, wakamwaga mahindi chini, na ndege wakaja wenyewe, taratibu, kwa miguu yao. Jike na kifaranga wakatiwa kwenye magunia. Dume peke yake aliwahi kuruka.

Atumani alikaa mbele ya cherehani na hakushona kitu.

"Dada," akaniambia, "walidhani ni mimi."

Moyo uliniuma jamani, uliniuma kweli.

Kesho yake, baada ya sala, niliongozana naye, maana niliogopa kumwacha peke yake. Alikuwa amebeba bakuli lake la mtama kama kawaida. Nikafikiri anakwenda kumpoza yule dume. Hatukupiga hata mluzi. Ndege alituona kwa mbali akatoka kwenye mafunjo, akaja moja kwa moja hadi miguuni pa mdogo wangu, akainamisha shingo kutafuta punje.

Atumani akanipa bakuli. Akainama, akaokota bonge la udongo, akamtupia.

Likamkosa. Ndege akarudi nyuma kidogo, akamtazama, akaja tena.

"Toka!" Atumani akapiga kelele. "Kimbia, we mujinga! Kimbia!" Akatupa lingine, likampata kwenye bawa. Alikuwa analia kwa sauti, mwanamume mzima, na bado anaokota na kutupa. Ndege akaruka, akavuka mafunjo, akapotea.

Siku hizi mtama wa Hayat ninaumwaga mimi, hapa mlangoni, njiwa wanakula. Yeye Ijumaa yuko Kajaga, anamwagilia miche yake, na kando ya ndoo ameweka mabonge ya udongo. Yule dume bado anakuja.